Mgeni wa Kutoka Yuma

Rochester, Minnesota
6 Oktoba 1974

Mpendwa Lavonne,

Barua yako nimeipata, na ganda la chungwa ulilotia ndani nalo limefika, limekauka kama sikio la mzee. Ahsante. Nimeliweka kwenye kabati la unga na sasa mikate yote inanukia Arizona.

Huku majani yameshaanguka na mji umeanza kulala macho wazi, kama kawaida yake. Ukitoka nje asubuhi unakuta ukungu umekaa juu ya ziwa, na ndani ya ukungu mabata bukini wanabishana. Huwaoni, unawasikia tu. Kisha kengele za mnara zinaanza, nao wananyamaza kidogo kwa adabu, kama Walutheri. Wageni wapya husimama barabarani na mizigo yao wakidhani wameshakufa na hapa ndipo mahali penyewe. Ni lazima mtu awaguse bega awaambie, hapana bwana, hii ni Rochester, Kliniki uliyoijia iko upande ule.

Nyumba imejaa wageni. Nina mfuga kondoo wa Wyoming na mkewe, ambao huitana kwa mluzi. Nina mtawa kutoka Quebec anayecheza karata kwa wizi. Na juu kabisa nina bwana mmoja wa Kuwait, mpole, aliyekuja na mashuka yake ya hariri na anayekula uji wangu kana kwamba ni adhabu anayostahili. Wote wanakaa meza moja, na hakuna anayejua mwenzake amekuja kutibiwa nini. Mimi pia sijui. Unaikumbuka sheria ya mama: mgeni haulizwi anaumwa nini. Muulize ametoka wapi, muulize alilalaje, mwongezee kahawa. Mji mzima unaishi kwa sheria hiyo. Muuza viatu akipata mteja wa mguu mmoja anamfungia viatu vyote viwili na hasemi neno.

Mimi nimehamia chumba cha chini, kile cha nyuma ya jiko. Kengele zinasikika vizuri zaidi kule. Ngazi nazo nimeanza kuzipanda kwa starehe: nafika katikati, nakaa kidogo, natazama dirishani. Hujui mandhari iliyopo pale katikati ya ngazi. Miaka yote nilikuwa napita mbio.

Dada yako,
Ardis


Yuma, Arizona
15 Oktoba 1974

Dada Ardis,

Mandhari gani? Dirisha la ngazini linatazama gereji ya jirani, ya kina Odegard. Nimekua ndani ya nyumba hiyo, nalijua. Na tangu lini unazipenda kengele? Ulikuwa unafunga madirisha mchana wa Jumapili ukisema mtu anayezipiga apewe kazi ya maana.

Hapa kwetu, kwenye hii kambi ya nyumba za magurudumu, wazee tumejaa kutoka kila jimbo lenye baridi. Tunakaa kwenye maji ya bwawa mpaka shingoni, na mtu kabla hajakutajia jina lake ameshakuonyesha kovu. Jirani yangu, Bwana Fenwick, alinieleza habari za kibofu chake siku tuliyokutana, nikiwa nimeshika sahani ya keki. Mwanzoni niliona aibu. Sasa nimezoea, na nakwambia ukweli, watu wanalala vizuri hapa.

Kwa hiyo nakuuliza kama mtu wa Yuma: unaumwa nini? Mstari mmoja unatosha.

Usijisumbue kupiga simu, masikio yangu yamekwisha, simu kwangu ni nyuki ndani ya chupa. Ni bora hivyo. Kwa sauti ungenidanganya. Kwa kalamu huwezi, ukianza uongo unaweka maua mengi mno.

Lavonne


Rochester
3 Novemba 1974

Mpendwa Lavonne,

Theluji ya kwanza imeanguka jana, ile nyepesi isiyofika chini. Inashuka, inabadili mawazo, inapanda tena. Mnara wa maji wa kiwanda cha makopo, ule uliojengwa kwa umbo la hindi, ulikuwa umefunikwa nusu, ukawa kama hindi linalomenywa polepole na mtu asiyeonekana. Nilisimama kuutazama muda mrefu. Nilikuwa na sababu zangu za kusimama.

Sasa watu wameingia chini ya ardhi. Umesahau, wewe wa jua, jinsi mji huu unavyohamia chini wakati wa baridi. Toka hotelini hadi Kliniki, toka Kliniki hadi madukani, unaweza kushinda siku nzima ndani ya zile njia bila kuvaa koti. Watu wanapita kimya, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine wameshikana mikono kama wachumba, na kila mmoja ana bahasha yake kubwa. Taa ni za manjano. Huwezi kujua kama ni asubuhi au jioni. Mara nyingine nafikiri kwamba nyumba zote za juu zikiondolewa, mji utaendelea tu huko chini, na hakuna atakayegundua mpaka theluji iyeyuke.

Mtawa ameondoka. Wakati wa kuaga aliniambia, "Mama Ardis, karata zako unazishika vibaya, nimeziona zote tangu siku ya kwanza." Nikamwambia, "Najua, sista. Nilikuwa nakuachia." Hakunieleza walimwambia nini kule, nami sikumuuliza. Tukakumbatiana barazani kama watu wanaojua kila kitu.

Jumanne nilipanda basi nikaenda Torvik kununua jibini. Safari nzuri. Ng'ombe weusi ndani ya weupe mtupu, kama mtu ameandika kitu akakifuta nusu. Jibini sikupata.

Swali lako nimelisoma. Hali ya hewa huko ikoje?

Ardis


Yuma
11 Novemba 1974

Dada,

Hali ya hewa ni jua. Kesho jua. Keshokutwa jua. Haya, tumemaliza.

Jibini! Kiwanda cha jibini cha Torvik kiliungua baba akiwa hai, na wewe mwenyewe ulinishika mkono tukaenda kutazama moshi. Kilichobaki Torvik ni kanisa, duka la mbegu na Daktari Sletten. Kanisa unalo. Mbegu hununui mwezi wa Novemba.

Yaani Ardis. Watu wanapanda ndege kutoka Kuwait. Wanauza kondoo. Wanavuka bahari wakiwa wamelazwa chali, ili wafike kwenye mlango ambao wewe ukitema mate kutoka jikoni unaupata. Na wewe umepanda basi ukaupa mgongo mlango huo, ukaenda kwa Sletten, ambaye anasikiliza watu kwa sikio tupu kwa sababu kipimo chake alikikalia!

Nimecheka mpaka Bwana Fenwick akaja kugonga. Kisha nikaacha kucheka.

Sletten alisema nini?

Lavonne


Rochester
1 Desemba 1974

Lavonne,

Sawa.

Kipimo ana kipya. Alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akavua miwani kana kwamba moyo unaonekana vizuri bila miwani. Akasema, "Bibi Nygaard, moyo una vilango. Kimoja chako kimekakamaa, damu inapita kwa kusukumana. Ndiyo maana unaishiwa pumzi."

"Dawa yake?"

"Kwangu haipo. Kinabadilishwa, na wanaokibadilisha wako Rochester. Unapajua Rochester?"

"Nimepasikia," nikasema.

Akaniandikia anwani kwa mwandiko mzuri, na namna ya kufika toka kituo cha basi. Akasema pia nisihofu, kuna nyumba nzuri za wageni. Nikamuuliza, na nikikiacha kama kilivyo? Akatazama dirishani. "Majira ya joto utayaona, pengine. Yanayofuata sikuahidi."

Sasa usinipigie kelele. Ukiingia Kliniki, wa kwanza kumkuta mezani ni Marcella Odegard, niliyemshika mimi kwenye maji ya ubatizo na akanitapikia. Anayetoa damu ni Thora, tunaimba naye kwaya. Anayesukuma viti vya magurudumu ndiye anayenikatia majani uani. Wageni wanakuja hapa na kujiachia kwa sababu hakuna anayewajua. Mimi nitakwenda wapi nisikojulikana?

Na hao wageni wangu je? Mtu akirudi jioni toka kule, uso umemshuka, anataka kumkuta jikoni mtu mmoja ambaye hana kitu. Hiyo ndiyo kazi yangu, Lavonne. Kahawa ni kisingizio.

Faraja ni kwamba hakuna anayejua. Ila kuna jambo la ajabu. Majirani wananiletea mabakuli. Viazi na nyama ya kusaga, tambi na samaki wa kopo, maharage mabichi na ule mchuzi wa uyoga. Naamka nakuta bakuli barazani limefunikwa, jina limebandikwa chini yake. Nafikiri kanisa linafanya majaribio ya karamu ya Krismasi. Hata mama Odegard, ambaye hajampa mtu kitu tangu vita, ameleta chapati za viazi zimekunjwa ndani ya taulo.

Nikamuuliza, "Vipi, zimezidi?"

"Ee, zimezidi," akasema. Akatazama viatu vyangu, akasema theluji itaongezeka, akaenda zake.

Ardis


Yuma
9 Desemba 1974

Dada yangu mpumbavu na mpendwa,

Karamu gani! Bakuli moja ni ujirani. Mabakuli mfululizo ni msiba, ama umetokea ama unasubiriwa. Wamekuona umekaa katikati ya ngazi. Kama wewe unaiona gereji yao, wao hawakioni kichwa chako? Wamekuona umesimama unaukodolea macho mnara wa hindi kama mtalii, wewe ambaye umeupita maisha yako yote. Na dereva wa basi la Torvik ana mke, na mke ana mdomo.

Mji mzima unajua, Ardis. Wanakuuliza kwa viazi kwa kuwa njia nyingine hawana. Wewe na mama ndio mliowafundisha. Na wataendelea kukuuliza kwa viazi mpaka siku ya kukuzika, na siku hiyo nayo wataleta viazi.

Nenda. Nenda kwa mlango wa mbele, nenda kwa mlango wa nyuma, nenda umejifunga blanketi, sijali. La sivyo nakuja mwenyewe, na unajua niliapa nini kuhusu theluji.

Lavonne


Rochester
22 Desemba 1974

Krismasi njema. Usije. Barabara ni mbaya.

Ardis


Rochester
26 Januari 1975

Lavonne,

Nimekwenda. Kaa chini usome, na usimsomee Bwana Fenwick.

Nilivaa lile koti lako la maua ya rangi ya machungwa uliloliacha hapa, ambalo hakuna mwanamke wa Minnesota angelivaa hata nyumba ikiungua. Kitambaa kichwani, miwani ya jua machoni. Nikachukua sanduku la safari, tupu, nikaingia hoteli kubwa kwa mlango wa mbele kama mwenye pesa zake, nikashuka chini kwenye njia za ardhini, nikajiunga nao.

Sikuwa najua. Nimeishi kando ya watu hawa maisha yangu yote na sikuwa najua. Ukiwa juu unaona watu wanakwenda mahali. Ukiwa kati yao ni kama kutembea chini ya maji. Hakuna anayeharakisha. Sauti zinakuja kutoka mbali na zikifika zimeshalainika. Bwana mmoja alinipisha, nami nikampisha, akanipisha tena, tukacheza hivyo kidogo, akavua kofia. Nilikuwa nahema, na hapa hakuna aliyegeuka kutazama, kwa sababu kila mtu alikuwa na namna yake ya kuhema. Mama mmoja aliangalia sanduku langu akasema, "Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

Akanishika kiwiko. Tukaenda hivyo hadi kwenye lifti, na mlango ulipofunguka akaniachia kama mtu anayeachia mashua ndogo. Sijui jina lake. Nikiwa ndani ya lifti nilitamani isisimame.

Mezani alikuwa Marcella. Akanitazama. Nikamtazama kupitia miwani.

"Jina, bibi?"

"Nygaard."

"Unatoka wapi?"

"Yuma. Arizona." Nikampa anwani yako, jina la kambi na namba ya nyumba yako.

Akaandika yote, uso mkavu kama ubao. "Karibu Rochester, Bibi Nygaard. Safari ilikuwaje?"

"Ndefu."

"Baridi haijakusumbua? Mtu wa jua kama wewe."

"Nitaizoea."

"Mahali pa kulala umepata? Kama hujapata, kuna nyumba ya mama mmoja hapo karibu. Uji wake si wa kusifia, lakini mwenyewe ni mtu mwema sana. Sana." Hapo kalamu ikagoma. Akaitikisa, akainama kutafuta nyingine kwenye mtoto wa meza, akakaa huko chini muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. "Vumbi," akasema.

"Vumbi," nikasema.

Thora naye akanifunga mkono, akanitoa damu, akasema bila kuinua macho, "Mishipa yako ni kama ya mtu wa hapahapa." Nikamwambia nimeambiwa hivyo mahali pengine pia.

Walinipima siku mbili. Walinipiga picha, waliniunganisha na nyaya, walinisikiliza vijana watatu kwa zamu, wote wana mikono baridi na adabu nyingi. Siku ya pili wakasema nirudi mchana nikaonane na daktari mkubwa anipe majibu. Lakini nilikuwa na unga unaumuka nyumbani. Na kwa kweli nimeshawamiminia kahawa watu wa kutosha waliotoka kwenye mkutano huo wa mchana. Nikaenda kuoka mkate. Nikajiambia, likiwa jambo kubwa watanitafuta.

Hawajanitafuta. Kila siku naangalia sanduku la barua, ni matangazo ya mbegu tu. Marcella alikuja juzi na bakuli la tambi, akasimama mlangoni. Akasema theluji imezidi. Akasema itazidi tena. Akasema posta siku hizi inachelewa, hasa inayokwenda mbali. Akasema basi, akaenda.

Kwa hiyo niko mzima, na Sletten amezeeka. Nalala vizuri, ila kwa kukaa. Kitini pananifaa zaidi kuliko kitandani, naona moto unavyozimika.

Ardis


SIMU YA MAANDISHI
YUMA ARIZONA 31 JANUARI 1975

BARUA MBILI ZIMEFIKA PAMOJA. YAKO NA YA KLINIKI. WAMEMWANDIKIA MGENI WA YUMA HUKU YUMA. KILANGO CHA MOYO HAKINGOJI. UPASUAJI TAREHE SITA FEBRUARI. WAMEPIGA MSTARI CHINI YA NENO HARAKA. NENDA LEO KWA SURA YAKO NA ANWANI YAKO. NAPANDA BASI. LAVONNE


Jikoni kwako
5 Februari 1975

Dada,

Wamenirudisha kwenye mlango wa wodi yako. Muuguzi ameitazama pua yangu akanipigia sauti ambayo hata mimi nimeisikia: "Na mafua hayo? Hapana, mama." Nimevuka jangwa na milima ndani ya basi, karibu yangu mtu anakohoa njia nzima, ili nije kukuandikia barua kutoka mtaa wa pili. Marcella ataipeleka.

Huyo Marcella nimemkalisha kwenye kiti nikamuuliza, "Ulijua barua imekwenda Yuma. Kwa nini hukumwambia?"

Akalia. "Shangazi Lavonne, alikuwa amevaa miwani. Nilidhani ndivyo anavyotaka. Lakini nilimwambia! Nilimwambia posta inachelewa!"

Nilitaka kumpiga na mwiko. Kisha nikakumbuka niko wapi. Kwa mtu wa hapa, hiyo ilikuwa kupiga yowe. Nikamkatia mkate.

Sasa sikiliza, maana utaambiwa na wengine. Leo asubuhi wageni wako walikuwa wamekaa mezani kama picha ukutani. Yule bwana wa Kuwait amerudi kuangaliwa tena, na kuna mwalimu mmoja wa kike wa Ohio na mama yake. Nikaweka uji nikasema, "Mwenye nyumba amelazwa. Ni moyo. Kesho wanampasua. Nanyi je, mna nini?"

Kimya, Ardis. Nilidhani masikio yamekwisha kabisa. Mwalimu alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Halafu bwana wa Kuwait akaweka kijiko chini, polepole, kama mtu anayeweka silaha.

"Figo," akasema.

"Koo," akasema mwalimu. "Wanataka kuniondolea sauti. Nafundisha kuimba." Mama yake alikuwa hajui kwamba binti analijua hilo. Wakashikana hapohapo, kikombe kikamwagika, bwana wa Kuwait akapangusa kwa leso yake ya hariri. Baada ya hapo sikuweza kuwazuia. Walisema mpaka uji ukaganda. Nusu sikuisikia, nilitikisa kichwa tu, na naona hiyo ilitosha. Mwishowe bwana wa Kuwait akasema kuna jambo jingine analoumia nalo tangu Oktoba, nalo ni uji wako, na kama hakuna atakayechukia angeomba yai.

Umesema kazi yako ni kuwa mtu ambaye hana kitu. Basi leo nyumba haikuwa na mtu wa namna hiyo hata mmoja, na haikuanguka.

Kesho ni kesho. Nimepanga mabakuli yote uliyoletewa, yameoshwa, kila moja na jina lake, na sijui nitayarudisha na maneno gani. Itategemea. Unaona ninavyozunguka? Siku chache tu huku na nimeanza kuongea kama ninyi.

Naogopa. Haya, nimesema. Sema na wewe.

Lavonne


Wodini
5 Februari, jioni

Naogopa.

Ardis


Rochester, ghorofa ya sita
17 Februari 1975

Mdogo wangu,

Wamenirudishia kalamu. Mwandiko utausamehe, mkono una usingizi bado.

Kule nilikokuwa sikuona kitu, na nimekasirika kidogo. Watu hurudi na habari za nuru na malaika. Mimi nimerudi na kiu. Nilikaa siku nyingi mahali ambapo dari na theluji ni kitu kimoja, na watu wenye mavazi meupe wanapita wakinitaja jina langu, lile la ubatizo, na kila mara nilishangaa kwamba wananijua. Kisha asubuhi moja nikavuta pumzi.

Lavonne, nilikuwa nimesahau kwamba pumzi ina kina. Nilidhani inaishia hapa kooni. Kumbe inashuka, inashuka tena, kama ndoo kisimani, na ikirudi imejaa. Nilifanya hivyo asubuhi nzima. Muuguzi akaja mbio kuuliza kuna shida gani, nikamwambia hakuna, nachezea tu.

Kilango kipya kina sauti. Kinagonga. Daktari anasema ndivyo kilivyotengenezwa, nitakizoea. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mkulima wa kike wa Iowa aliyekuja kwa ajili ya mapafu, anasema ni kama kulala chumba kimoja na saa ya ukutani. Nikamwambia yeye ni kama kulala chumba kimoja na trekta. Tumekwisha kuelezana kila kitu, mimi na yule mwanamke. Najua habari za mapafu yake kuliko mumewe, na za mumewe nazo nazijua, na mengine ningependa kutoyajua. Thora amepita na mtungi wa maua. Alisimama miguuni pa kitanda akaanza na theluji, nikamwambia, "Thora, niulize tu." Akaniuliza. Akaketi. Hakuondoka mpaka walipomwita kwenye simu.

Leo wamenitembeza hadi dirisha la mwisho wa ukumbi, muuguzi mmoja kila upande, kama bibi harusi aliyechelewa. Theluji ilikuwa inaanguka wima, taratibu, bila upepo. Moshi wa mji wote ulikuwa unapanda wima vilevile, kwa hiyo kimoja kinashuka na kingine kinapanda, na huwezi kusema ni kipi kinachosimama. Nikatafuta, nikaliona paa letu. Sijawahi kuliona toka juu. Ni dogo kuliko nilivyodhani, na lina kiraka ambacho sijui nani alikitia.

Ukatoka wewe kwa mlango wa jikoni. Ulikuwa unagombana na mtu juu ya koleo la theluji. Yeye analivuta, wewe unalivuta. Nadhani ni bwana wa Kuwait. Ninyi wawili hakuna anayejua kulitumia. Baadaye yeye akaanguka kwa makalio, wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta, naye akabaki amekaa palepale ndani ya weupe, koti jeusi, anacheka pia. Kioo ni kinene, sikusikia kitu. Nilisikia moyo wangu tu.

Nilikupungia mkono. Hukuona. Muuguzi akasema inatosha kwa leo, turudi kitandani.

Nitakupungia tena kesho.

Dada yako,
Ardis